Kuku wa kienyeji, chotara au wa mayai: nani akae uani kwako?

Mwezi uliopita jirani aliyehamia mtaani kwetu alinikuta langoni nikitoka sokoni. Banda lake la kuku kumi lilikuwa limekamilika, mbao bado zinanukia, ndani halina hata unyoya. "Dada," akaniambia, "nimeamua nichukue wa kienyeji. Hao hawana gharama, wanajitafutia wenyewe." Nikamuuliza mchana nani anabaki nyumbani. Hakuna, akasema. Yeye na mkewe wanapanda gari saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanarudi kutoka shule saa kumi jioni, na uwanja wote uliobaki baada ya nyumba, choo na karo ni hatua kumi na mbili kwa sita.

"Basi hao siyo kuku wako," nikamwambia, na ikanibidi nikae kibarazani kwake karibu saa nzima nikimweleza kwa nini. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye. Nimefuga aina zote tatu hapa Kibaha kwa miaka tisa na sijawahi kuzidisha kuku ishirini na watano, kwa hiyo naongea na mtu wa banda dogo: kuku watano, wanane, kumi na wawili. Mwenye mpango wa kuku mia tano ana hesabu zake tofauti.

Tunaowalinganisha

Kuku wa kienyeji ni ukoo mkubwa. Yumo kuchi, mrefu, kifua mbele, jogoo wake mgomvi. Yumo kishingo, asiye na manyoya shingoni. Yumo nungunungu, ambaye manyoya yamejikunja kana kwamba upepo ulimpitia kinyume. Upande wa Morogoro yupo ching'wekwe, mfupi, tumbo karibu na ardhi. Mwewe, njaa na mdondo, ule ugonjwa wa kirusi unaofagia banda zima, vimewachuja kwa vizazi vingi, na waliobaki ni wale wanaojua kuishi bila msaada mkubwa wa mtu. Ukishalielewa hilo, tabia zao zote zinaeleweka.

Chotara kwa lugha ya mtaani ni Sasso, wenye asili ya Ufaransa, na Kuroiler, waliotoka India. Watu wengi huwaweka humo pia wale weusi tunaowaita kuku wa Malawi, ingawa mbegu yenyewe ni Black Australorp ya Australia. Wenzetu wa Kenya wana kienyeji walioboreshwa wa Naivasha, ambao kwa matumizi ya nyumbani wanaingia kundi hilohilo.

Kuku wa mayai ni wale wa rangi ya kahawia, wepesi, wapole: Isa Brown, Hy-Line, Lohmann. Wametengenezwa kwa kazi moja na wanaifanya vizuri sana.

Kuku wa nyama wa wiki tano au sita nimewaacha nje ya ulinganisho huu. Hao unawanenepesha na kuwachinja kabla hamjazoeana.

Mayai kwa hesabu ya kikaango

Mtetea wa kienyeji ukimwacha atage, aatamie na alee mwenyewe, atakupa mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, katika mizunguko mitatu hadi minne ya mayai 10 hadi 15. Chotara akitunzwa vizuri anafika 150 hadi 200. Kuku wa mayai anakaribia 300 katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga.

Namba hizo hazimwambii mtu kitu mpaka azilete mezani kwenye chai. Majike sita wa kienyeji ni kama yai moja kwa siku kwa nyumba nzima, tena kwa wastani tu, kwa sababu kuna wiki utaokota mayai manne kwa siku na kuna mwezi hutaokota hata moja: wawili wanaatamia, watatu wanalea, mmoja ananyonyoka manyoya. Majike sita wa chotara ni mayai matatu kwa siku. Sita wa mayai ni matano karibu kila siku.

Umri wa kuanza kutaga nao unatofautiana. Wa mayai anaanza akiwa na wiki 18 hadi 20, chotara miezi mitano au sita, wa kienyeji miezi sita au saba. Kwa wa mayai kuna jambo la mwanga. Anataka saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage kwa nguvu zake zote, na mchana wetu huku ni saa 12 hivi mwaka mzima. Wafugaji wakubwa huongeza taa jioni. Nyumbani siyo lazima, utapoteza mayai kidogo tu.

Halafu kuna suala la kiini. Watu huniambia yai la kienyeji lina kiini cha njano kwa sababu ni la kienyeji. Rangi ile inatokana na chakula. Nimewapa kuku wangu wa mayai fungu la mchicha na majani ya matembele kila jioni, na baada ya wiki mbili tatu viini vikawa vya njano iliyokolea kama vya kuku wanaozurura. Mwenye kuku wa mayai asijione anakula yai la daraja la pili.

Chakula, mahali pesa inapokwenda

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku kumi ni kilo moja na gramu mia mbili, maana yake mfuko wa kilo 50 unakaa siku arobaini na moja hivi. Sasa fanya hesabu hii kabla hujanunua hata kifaranga mmoja. Kundi linalotaga vizuri hutumia kilo nne hadi nne na robo za chakula kutoa trei moja ya mayai 30. Likilegea kidogo, wakawa wanataga saba kati ya kumi, trei hiyohiyo inameza kilo tano. Nenda dukani kwenu, uliza bei ya kilo ya chakula cha kutagia, zidisha kwa tano, kisha linganisha na bei ya trei. Kinachobaki ndicho chako, na humo bado hujatoa chanjo, maranda na nauli. Nimefanya hesabu hiyo miaka tofauti nikapata majibu tofauti. Mwaka mmoja mahindi na mashudu yalipanda, nikagundua kwamba mayai ya dukani yalikuwa nafuu kuliko ya uani kwangu.

Na huyu wa mayai hakubali ubabaishaji. Ukimpa pumba tupu kwa wiki moja kwa sababu mshahara haujaingia, ataacha kutaga, na ukirudisha chakula kizuri hatarudi siku ileile. Anahitaji pia madini ya chokaa kwa ajili ya ganda. Niliwahi kuokota kiotani yai ambalo ganda lake lilikuwa ngozi tu, laini, linabonyea kwenye kiganja kama tumbo la samaki. Nilikuwa nimeishiwa chokaa kwa siku kadhaa nikadhani si kitu. Siku hizi nina ndoo ya maganda ya chaza yaliyopondwa, na maganda ya mayai yetu nayachemsha, nayaanika, nayaponda, nayachanganya humo.

Chotara ni mlaji. Mwili wake mkubwa na anashiba kwa kiasi kikubwa zaidi, lakini anakubali kuchanganyiwa: nusu chakula cha dukani, nusu pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, juu yake mabaki ya jikoni na majani. Mayai yatapungua, hayatakoma. Kwa nyumba ambayo pesa inakuja kwa mafungu, uvumilivu huo ni kitu kikubwa sana.

Wa kienyeji anakula kidogo na anatafuta kingi: mchwa, panzi, mbegu za majani, punje zilizomwagika chini ya kinu. Lakini "anajitafutia" ina sharti lake, nalo ni kwamba kuwe na cha kutafuta. Kule kwa mama mkwe, Singida, kuku wanazunguka ekari nzima na baada ya mavuno wanashiba mpaka vifuko vya shingo vinatuna. Kwenye uwanja wa sakafu wa hatua kumi na mbili, kuku wa kienyeji anapekua mchanga uleule kwa miezi miwili hivi, halafu anaruka ukuta kwenda kwenye mchicha wa jirani. Hapo gharama inakuja kwa njia nyingine.

Kwa wote watatu, pumba yenye ukungu au harufu ya uvundo itupwe. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuanika juani.

Nani atakuletea vifaranga

Kuku wa mayai haatamii. Chotara haatamii, au akijaribu anaondoka siku ya tisa na kuyaacha mayai yamepoa. Ukichagua hao, kila baada ya mwaka na nusu au miwili utarudi dukani kununua wengine, na hiyo iingize kwenye bajeti tangu leo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: vifaranga wa mayai wa siku moja huchambuliwa kiwandani, unapewa majike. Vifaranga wa chotara kwa kawaida huuzwa mchanganyiko. Nilinunua kumi, nikahudumia kumi, na walipofika miezi mitatu wakaanza kujaribu kuwika sita. Hawakupotea, maana jogoo wa chotara anafika kilo mbili na nusu au tatu na tuliwala wakati wa sikukuu na wageni, ila hesabu yangu ya mayai ilikuwa imejengwa juu ya majike kumi. Kama unataka mayai tu, nunua tembe, yaani majike machanga wanaokaribia kutaga, wa miezi minne au mitano. Utalipa zaidi kwa mmoja, na utajua umenunua nini.

Kuku koo wa kienyeji hapa hana mpinzani. Anakaa siku 21 juu ya mayai yake, anatoka mara moja kwa siku kunywa, kula na kunya, anarudi. Nimemtazama mmoja akilea vifaranga tisa chini ya mpapai. Kivuli cha ndege kilipita ukutani, hata mimi sijainua kichwa, yeye akatoa mlio mmoja mfupi wa kooni na uwanja ukawa mtupu. Vifaranga tisa walikuwa chini ya mbawa, miguu tu ndiyo inaonekana. Vifaranga wa dukani wanataka taa au jiko la mkaa, wanataka mtu aamke saa nane usiku kuangalia kama wamejikusanya kwa baridi au wametawanyika kwa joto. Koo anafanya yote hayo bila shilingi ya umeme.

Ndiyo maana wengi wetu huchanganya: mayai ya chotara yenye mbegu tunayawekea koo wa kienyeji ayaangue. Inafanya kazi. Ila watoto wa chotara hawafanani na mama yao. Wengine watakua wakubwa, wengine wadogo, na utagaji wao utakuwa wa kubahatisha. Kwa mboga ya nyumbani hawana neno.

Ugonjwa

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na kuku kumi na saba, wengi wa kienyeji. Nilisikia mtaa wa pili kuku wanakufa nikasema chanjo nitafanya Jumamosi. Alhamisi asubuhi mmoja alikuwa amesimama pembeni, macho nusu, kinyesi cha kijani. Ijumaa walikuwa wanne, mmoja shingo imepinda nyuma anajizungusha. Baada ya siku nane walibaki watatu. Watu waliniletea shubiri mwitu, pilipili, majivu, kila mtu kwa nia njema. Mdondo ni kirusi na hauna tiba. Kinachofanya kazi ni chanjo iliyotangulia.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu ya imani kwamba kuku wa kienyeji ni mgumu, haugui. Ni mgumu kwa njaa, kwa jua na kwa minyoo. Kwa mdondo anakufa kama wengine, na kwa kuwa anatembea na kuchanganyika na kuku wa kila nyumba, ndiye anayeupata mapema. Chanjo ya tone la jicho, ile ya I-2, inatengenezwa hapahapa Tanzania na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi, ingawa usiiache juani. Tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Unamshika kuku kwapani, kidole gumba kinashusha kope ya chini, tone linaanguka, unasubiri apepese macho ndipo umwachie. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, kwa hiyo sisi majirani watano tunachanga, tunapanga siku, tunapita nyumba kwa nyumba asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa.

Chotara na wa mayai wanahitaji hiyo na zaidi: chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi, wakiwa vifaranga, chanjo ya ndui inayochomwa kwenye bawa, na uangalizi wa karibu wa kuhara damu wakati wa masika maranda yanapolowa. Wa mayai ndiye dhaifu kuliko wote. Ukinunua tembe, uliza amechanjwa nini na tarehe zipi, na kama muuzaji anababaika, ondoka. Ukimpa kuku antibiotiki, soma kwenye pakiti siku za kusubiri, na mayai ya siku hizo yasiliwe na mtu yeyote.

Kuku mgeni, wa aina yoyote, kwangu anakaa tenga peke yake wiki mbili kabla ya kuwaona wenzake. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wao walimfunga asipotee, mimi namtenga asije na ugonjwa.

Uwanja, wezi wa angani, majirani

Kuku wa mayai anaweza kukaa bandani siku nzima bila kuteseka, mradi kuna nafasi ya kuku wanne kwa mita moja ya mraba, hewa inapita, maranda ni makavu na kuna mahali pa kuoga mchanga. Chotara anapenda kutoka lakini ni mzito, haruki ukuta, ukimfungulia kwa muda wa saa mbili kila jioni anaridhika. Wa kienyeji ukimfungia anakuwa mnyonge, anadonoa wenzake, na usiku atataka kulala juu ya mwembe badala ya bandani.

Anayezurura anahitaji macho ya mtu. Kwenye ukanda wetu wa Pwani adui wa vifaranga mchana ni kunguru kuliko mwewe. Wanakuja wawili, mmoja anamchokoza koo, mwingine anabeba. Usiku ni vicheche na nyoka. Na kuna binadamu.

Jogoo si lazima. Naulizwa hili kila mara: jike anataga bila jogoo, mayai hayataanguliwa tu. Mwenye nyumba zilizobanana asifuge jogoo anayewika saa kumi za usiku kwenye dirisha la mgonjwa au mtoto mchanga.

Kwa nyama sina maneno mengi. Supu ya jogoo wa kienyeji haina mfano, na anataka kuchemka saa mbili. Chotara ana nyama nyingi, ladha nzuri, anaiva mapema. Wa mayai aliyezeeka ni kilo mbili kasoro, mgumu kiasi, na kwenye mchuzi wa nazi hakuna atakayelalamika.

Nani achukue nani

Kama nyumbani kuna mtu mchana, kuna eneo la udongo lenye miti, na haraka ya mayai huna, chukua wa kienyeji: majike wanne na jogoo mmoja. Hao ndio ninaowapenda kuliko wote na ndio ninaowaheshimu.

Kama una mtu nyumbani lakini eneo ni dogo, jiko linatoa mabaki ya kutosha, na pesa inakuja kwa kupanda na kushuka, chotara ndiye wako. Hapo ndipo nilipo mimi sasa hivi, na chotara watano pamoja na makoo wawili wa kienyeji wa kuangulia. Ningelazimika kubaki na aina moja tu, ningebaki na chotara.

Kama hakuna mtu mchana, eneo ni la sakafu, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi na unachotaka ni yai la watoto kila asubuhi, chukua wa mayai sita. Sita wanatosha. Jaza chakula na maji alfajiri, okota mayai jioni, nunua mfuko kabla wa kwanza haujaisha.

Jirani yangu hakufurahi sana siku ile. Alikuwa na picha ya kuku wa utotoni kwao, wanaotoka alfajiri na kurudi wenyewe magharibi, na picha hiyo ninaijua, ninayo pia. Wiki mbili baadaye alinunua tembe sita wa wiki kumi na saba, na karatasi ya chanjo akaja nayo mpaka kwangu niisome. Jumapili iliyopita mwanawe wa darasa la pili alibisha hodi akiwa amekunja mikono yote miwili kifuani. Akaifungua taratibu. Yai dogo, la kahawia, lenye tone kavu la damu kwenye ganda kama linavyoweza kuwa yai la kwanza, bado la moto. "Shangazi," akasema, "baba amesema hili ni lako."